Sehemu ya Mgeni Tangini

Kwa Bibi Susana, pale juu ya kijiji cha Maji ya Chai, fundi hapewi chai mpaka atoe jibu. Awe mwashi, awe seremala, awe wa kupaka rangi, akishasalimia tu anategewa kitendawili hata mkoba hajautua begani. Akijua, anakaa. Asipojua, anatoa mji, ndipo anakaa.

Arafa hakuyajua hayo. Alipanda kilima asubuhi ya ukungu, suruali imelowa umande wa migomba hadi magotini, akamkuta bibi amekaa kwenye kigoda mlangoni anachambua maharage.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi wa moto?"

"Wa kuuzima, Bibi. Wa kuuwasha mbona wamejaa."

Bibi Susana akacheka mpaka maharage yakamponyoka. Akayaokota moja moja, kisha akamtazama yule msichana aliyejifunga mtandio vizuri na kuchomeka penseli sikioni.

"Kitendawili!"

Arafa akashtuka kidogo. "Tega."

"Babu yangu hana mikono, lakini kila kinachokwenda bondeni amekisukuma yeye."

Arafa akajaribu upepo, haikuwa. Akajaribu mvua, haikuwa. Akajaribu dereva wa lori la mchanga, bibi akamwambia asimtie kichefuchefu asubuhi.

"Haya, nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Tanga." Ndiko alikotoka babu yake mzaa baba, mzee Uwesu, kabla ya kuhamia Ngarenaro.

"Nimekwenda Tanga, nimepewa samaki na nazi, nimeshiba, nimerudi. Babu ni huyo hapo nyuma yako."

Arafa akageuka. Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo kama pazia, na Mlima Meru umesimama pale mweusi, mkubwa, kimya. Akacheka peke yake, maana nguvu za huyo babu ndizo hasa alizokuja kuziajiri.

Na kazi yenyewe ilikuwa hii. Nyuma ya nyumba ya bibi palikuwa na ghala la kahawa, la mawe, la zamani. Lilijengwa na baba mkwe wake, lakini orofa ya juu iliwekwa na mumewe, marehemu Yoeli. Mbao za mpodo alizipasua mwenyewe, akazipiga randa mwenyewe, akazipanga mwaka ule aliomwoa Susana, mpaka sakafu ile ukipita na soksi unateleza. Kahawa ililala juu yake miaka na miaka. Siku hizi kahawa ikikauka inakwenda moja kwa moja kwenye chama cha ushirika, na ghala likabaki na popo. Bibi akaona, kuliko popo, heri wasichana. Wako wengi wanaosoma chuo cha ufundi, wanatoka mbali, wanapanga vyumba vya hovyo hovyo. Akafukuza popo, akagawa vyumba vinne chini na vinne juu, akaweka vitanda na mapazia ya maua. Ghala likawa hosteli.

Ndipo akaja Afande Arnold wa zimamoto kukagua. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kanisani. Akapanda ngazi, akagonga sakafu kwa kisigino, akashuka akitikisa kichwa.

"Bibi yangu, mimi nasema kweli. Hizi ni kuni zilizopangwa vizuri. Msichana mmoja akisahau pasi, wote wa juu hawatoki. Mambo ni mawili. Ama ung'oe mbao zote umwage zege, ama uweke vinyunyizio vya maji vya kuzimia moto, nivione vinafanya kazi kwa macho yangu haya. Nitarudi Alhamisi ya wiki ya kufungua chuo."

Bibi alimsimulia Arafa yote hayo wakiwa wamesimama juu ya sakafu yenyewe. Kisha akavua kandambili, akasimama peku.

"Zege ni zuri, sisemi kitu," akasema. "Lakini hii ikitoka, mwanangu, mimi nyumba hii siijui tena. Nitakuwa mpangaji."

Arafa naye akavua viatu. Mbao zilikuwa za baridi, laini, na mahali pengine palikuwa na kibonyo kidogo pale gunia la kahawa lilipokuwa likitua kila msimu.

"Haitoki, Bibi," akasema.

Alipokuwa anateremka kwenda barabarani ndipo akauogopa mdomo wake mwenyewe. Hii ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kuchora peke yake, bila bosi wa kumsahihishia, na tayari alishatoa ahadi.

*

Karakana ya baba yake, Mzee Mikidadi, iko Ngarenaro, kule mjini, kati ya fundi cherehani na wauza mabati. Arafa alitandaza karatasi juu ya meza ya kukatia mabomba, akachora. Baba yake, fundi bomba tangu ujana, akainama juu ya bega lake.

"Pampu umeificha wapi?"

"Hakuna pampu, baba."

"Hakuna pampu! Basi hayo maji yatapanda orofani kwa dua?"

"Hayapandi, yanashuka. Tangi naliweka kule juu, mwisho wa shamba la bibi. Nimepima, ni juu kuliko paa la ghala kama nyumba ya ghorofa saba. Mlima wenyewe utasukuma. Moto ukianzia kwenye waya, umeme umekatika, pampu itafanya nini?"

Mzee Mikidadi akakuna ndevu. "Hiyo sawa," akasema. "Lakini elbo zipunguze. Kila kona inakula nguvu ya maji."

Kona zilikuwa ndiyo shida. Kati ya tangi na ghala kulikuwa na mibuni ya bibi, na bibi alikuwa hataki mzizi hata mmoja uguswe. Kila mbuni ulikuwa na jina lake na habari zake. Arafa akashinda siku nzima anatembea shambani na kamba, mpaka akauona mfereji wa zamani uliokwisha kukauka, umeshuka kando ya shamba umenyooka kana kwamba mtu amepiga rula. Akalilaza bomba humo humo. Mizizi ikapona, na kona zikabaki mbili tu.

Mawe ya ghala hakuyatoboa ovyo. Bomba kubwa lilipita nje, likaingia kwa tundu moja, na matawi yakakimbia kando ya boriti, yakapakwa rangi ya mbao hata usingeyaona mpaka uonyeshwe. Katika kila chumba kikaning'inia kichwa kidogo cha shaba, na ndani yake kichupa cha kioo chenye maji mekundu, kichupa chembamba kama punje ya mchele.

Fundi aliyefunga naye alikuwa Meshack, Mmeru wa jirani hapo, mtu mzima mwenye mikono kama koleo na mdomo usiopumzika. Siku walipofunga cha mwisho, bibi akapanda kuja kutazama.

"Sasa nieleze," akasema. "Msichana mmoja akiunguza uji chini, hii mvua yenu inawanyeshea wote? Na magodoro yangu mapya?"

"Hapana, Bibi. Uji ukiungua ni moshi tu, na hivi havijali moshi, vinajali joto. Kila kichwa kinalinda pake. Joto likizidi chini yake, kichupa chake kinapasuka, maji yanamwagika pale pale. Wenzake wanaendelea kulala."

"Kitendawili, Bibi!" akadakia Meshack. "Nina walinzi wamening'inia kichwa chini, usiku na mchana hawashuki."

"Popo."

"Umekosa! Ni hivi vya Arafa. Nipe mji."

"Sikupi. Popo nimekaa nao miaka ishirini, nimejibu sawasawa."

Wakabishana mpaka uji ukawa tayari, na mji haukutolewa.

*

Tangi lilijazwa na maji ya mradi, yale yanayokuja kwa mgao, siku tatu kwa wiki, yakidondoka kama mtu anayehesabu. Jumamosi likajaa hadi juu. Arafa akaligonga kwa kifundo cha kidole, likajibu du, du, mlio wa mtu aliyeshiba. Akarudi mjini anaimba.

Jumatatu alipoligonga, lilijibu du chini tu. Juu liliita kama debe. Nusu ya maji haikuwepo.

Maji yanayopotea ni bomba linalovuja, na bomba linalovuja ni kazi yake. Arafa akaufuata ule mfereji kutoka juu mpaka chini, akifukua kila kiungo. Akapaka povu la sabuni, hakuna kilichotoa mapovu. Akapanga magazeti chini ya matawi yote ndani ya ghala, yakabaki makavu. Akakaza mahali palipokwisha kukazwa. Meshack akamfuata nyuma na spana, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alikuwa hana maneno mengi.

"Labda mlima umeyanywa," akasema.

"Meshack, mlima hauna kiu. Mimi ndiye niliyekosea mahali."

"Au jua?"

"Jua linywe nusu ya tangi lenye kifuniko?"

Meshack akatazama kando, akaanza kufuta spana iliyokuwa safi.

Bibi Susana alikuwa anawatazama toka jikoni, akawapelekea ndizi za kuchoma. Akamwona Arafa ana matope mpaka kwenye nyusi, akamwonea huruma kweli kweli. "Usijiumize, mwanangu," akasema. "Maji huja, maji huenda." Arafa akadhani ni maneno ya kufariji.

Jumanne ni siku ya mgao. Tangi likajaa tena. Jumatano Arafa akapanda gari la kwanza, akafika Maji ya Chai wauza vitunguu ndiyo kwanza wanatandika magunia barabarani, na hakupitia nyumbani kwa bibi. Akapanda moja kwa moja shambani.

Kule juu kulikuwa na watu kama kwenye sherehe. Madumu ya njano yalikuwa yamepangwa mstari. Punda wawili walikuwa wanasubiri, masikio yamelala. Jirani mmoja, Hans, alikuwa na ndama wake wanne wakinywa kwenye karai. Na katikati, amevaa kitenge chake kizuri, amesimama Bibi Susana mwenyewe, ameshika mpira uliochomekwa kwenye koki ya kusafishia tangi, anamimina dumu baada ya dumu kama mama wa harusi anayegawa pilau.

"Arafa!" akaita kwa furaha. "Umekuja wakati mzuri, mkono umeniuma. Hebu shika hapa."

Arafa akasimama. Alitaka kulia, alitaka kucheka, akashindwa vyote. Kwanza kabisa, na hili Mungu amsamehe, alifurahi: bomba lake halikuvuja.

"Bibi," akasema, "ni wewe?"

"Ni mimi nini?"

"Maji! Siku mbili nafukua ardhi natafuta yanakovujia!"

"Ungeniuliza. Mimi nilidhani unazika mabomba vizuri zaidi."

Watu wakaangua kicheko. Arafa akamgeukia Meshack, aliyekuwa anapanda na spana yake begani.

"Ulijua?"

Meshack akatazama viatu. "Mke wangu alichota madumu mawili," akasema. "Ningesemaje?"

Arafa akafunga ile koki. "Bibi yangu, haya ni ya moto. Lazima yakae hapa, yatulie, yasiguswe."

Bibi Susana akamtazama kama mtu anayesikia lugha ngeni. "Yatulie mpaka lini?"

"Mpaka moto utokee. Na tunaomba usitokee. Basi miaka yote."

"Miaka yote!" Bibi akawageukia majirani, nao wakaguna kwa pamoja. "Sikiliza, mwanangu. Wewe ni wa mjini, sikulaumu. Huku sisi tumekua na mfereji. Maji ya mfereji yana zamu. Leo kwangu, kesho kwa Hans, keshokutwa kwa mwingine. Zamu yako ikiisha, unafungua yaende. Ukiyazuia yakalala kwako na mwenzako shamba limekauka, wazee wanakuita, na hutoki pale bila kutoa mbuzi. Leo mimi nikae na tangi limejaa mpaka mdomoni, na ndama wa Hans ulimi uko nje? Nitakwendaje kanisani?"

Hans akakohoa, akasema taratibu, "Sisi tulijua ni ya ziada, dada."

"Nitaleta kufuli," akasema Arafa.

Hata punda walionekana wamesikia.

"Kufuli," akasema Bibi Susana. "Kwenye maji. Haya, leta. Ila ufunguo utaniachia mimi, maana shamba ni langu. Na mimi nikiombwa maji, najijua."

Hapo Arafa akaelewa kwamba kufuli ni kazi bure. Afande Arnold anakuja kesho. Akikuta tangi ni debe, sakafu ya Yoeli itang'olewa, na atakayeing'oa siyo Afande. Ni Arafa aliyesema haitoki.

*

Mchana bibi akapika loshoro, mahindi laini na maziwa ya mgando, chungu kizima. Hakukasirika hata kidogo, maana kwake kugombana na kula ni vitu viwili tofauti, havikutani. Akapakua kwa Arafa bakuli limejaa, kwa Meshack bakuli limejaa, kwake kidogo. Meshack akamaliza, akapeleka mkono chunguni. Upawa ukamkuta njiani, pa!

"Weee! Ya mgeni hiyo."

"Mgeni gani, Bibi? Toka Pasaka nakula hapa, huyo mgeni sijamwona."

"Hajaja. Akija?"

"Akija atakuta yamechacha."

"Jioni nawapa kuku, kesho natenga mengine. Mgeni hapewi makombo." Akaushika mfuniko. "Mama mkwe wangu alinifundisha siku ya kwanza tu. Kula ushibe, gawia watoto, gawia jirani, lakini upawa usiguse chini ya mstari ule." Akaonyesha kwa kidole. Ndani ya chungu, karibu na kitako, mviringo mweusi ulikuwa umejichora wenyewe kwa miaka ya kupika na kuacha, kupika na kuacha.

Arafa akaacha kutafuna.

"Bibi," akasema, "na jirani akija kuomba, mkiwa mmefika kwenye mstari?"

"Namwambia kweli. Imebaki ya mgeni. Hakuna mtu huku anayeomba ya mgeni. Si aibu hiyo?"

Arafa akachomoa penseli sikioni. Karatasi haikuwepo, akaandika kwenye kiganja. Alihesabu vichwa viwili vikifunguka kwa pamoja, maji yakimwagika nusu saa nzima, mpaka gari la zimamoto lifike kutoka mjini. Akapata theluthi mbili za tangi. Tangi alilichukua kubwa kuliko hesabu yake, kwa sababu dukani lile la kumtosha lilikuwa limekwisha. Theluthi ya juu ilikuwa ya nani basi? Haikuwa ya mtu. Alikuwa ameitupa tu pale juu ikae, kwa kuwa hakufikiria.

"Meshack, chukua drili ya kutobolea. Twende."

"Sijamaliza."

"Umeambiwa ya mgeni! Twende."

Walipofika juu, maji yalikuwa yameshuka karibu na pale pale alipotaka, kana kwamba majirani wamempimia. Arafa akapiga alama. Meshack akatoboa. Wakafunga koki mpya ubavuni, juu ya alama, na kibomba cha kuteremshia maji hadi kimo cha ndoo. Ile koki ya chini, ya kusafishia, wakaing'oa, wakaweka kizibo cha chuma wakakikaza mpaka Meshack akatoa jasho. Chini likabaki tundu moja tu, la bomba linaloshuka ghalani.

Bibi Susana akapanda polepole na fimbo yake, akazunguka tangi lote.

"Nifafanulie, mimi sikufika mbali na shule."

"Hapa juu ya koki ni yako, Bibi. Na ya Hans, na ya punda, na ya yeyote. Fungua asubuhi, fungua jioni, usiniulize. Tena ni vizuri yakitembea, boya la kuingizia maji halitaganda. Maji yakifika kwenye koki, inakauka yenyewe. Huna haja ya kumnyima mtu, tangi litasema lenyewe. Ya chini ni ya mgeni."

"Mgeni yupi?"

"Moto."

Bibi Susana akaweka kiganja kwenye tangi, chini ya koki, kama anayepima homa ya mtoto.

"Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Huyu wako asije. Lakini kutengewa, atatengewa."

Alipogeuka kushuka, alishamwita Hans kwa sauti aje asikie sheria mpya.

*

Alhamisi Afande Arnold akafika mapema kuliko walivyomtazamia, amevaa sare iliyopigwa pasi ikasimama. Arafa akampandisha shambani kwanza aone tangi. Ilikuwa siku ya mgao, na tangu usiku mabomba ya mradi yalikuwa yakidondosha maji, yakapanda juu ya koki, na majirani walikuwa wameshapanga foleni, kwa adabu sana, kwa zamu.

Wakafika hatua chache tu kutoka kwenye tangi. Koki ikakoroma. Ikatema tone moja, jingine, ikanyamaza. Hans akatikisa ndoo iliyojaa nusu, akageuka, akatangaza kwa sauti ya kumfaa kila aliye bondeni:

"Yameisha!"

Afande Arnold akasimama. Akatazama ndoo, akatazama tangi, akamtazama Arafa kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko ukali.

"Binti yangu," akasema kwa sauti yake ya kanisani, "mimi nimekuja kukagua maji ya moto, nakuta hata ndama hayajawatosha?"

Arafa angeweza kueleza. Alikuwa na mchoro, alikuwa na hesabu, hata kiganjani alama za penseli hazijatoka. Lakini Afande alisema toka mwanzo kwamba anataka kuona kwa macho yake.

"Twende chini, Afande," akasema. "Uwashe moto wewe mwenyewe."

Kutoka kwenye dirisha la orofa, upande wa mbali kabisa, kilitokeza kipande cha bomba, na mwisho wake kichwa kimoja cha kujaribia. Meshack alishafunga majani makavu ya mgomba kwenye ncha ya mti mrefu. Afande akayawasha, akainua mti, akasogeza moto chini ya kile kichupa chekundu. Foleni yote ilikuwa imemfuata, na punda mmoja. Bibi Susana alisimama mlangoni pa ghala amekunja mikono kifuani, hatazami juu. Anatazama ngazi ya kwenda kwenye sakafu yake.

Majani yakatatarika. Kichupa kikakaa. Kikakaa bado.

"Huyu mlinzi amelala," akanong'ona mtu.

Tik!

Maji yakashuka kwa kishindo, mwamvuli mzima, ya rangi ya chai ya rangi, yakauzima moto, yakampata Afande Arnold kuanzia kofia hadi soksi. Hakuwahi hata kuukwepesha mti. Watu wakapiga kelele, kina mama wakapiga vigelegele, punda akakimbia. Arafa alitaka kukimbilia koki ya kufungia, Afande akanyoosha kiganja kinachochuruzika maji.

"Acha!"

Akasimama pale pale, ametoka kidogo kwenye mvua, anaangalia saa yake. Maji yakaendelea. Rangi ya chai ikatoka, yakawa meupe, yanang'aa. Yakaendelea. Watoto wakaacha kushangaa wakaanza kuoga. Yakaendelea mpaka Meshack akatafuta mahali pa kukaa, mpaka Hans akakinga ndoo yake, akaijaza, akanywesha ndama, akarudi. Kule juu koki ya majirani imekauka kama mfupa, na huku chini mlima unasukuma tu.

"Funga," akasema Afande hatimaye. Akavua kofia, akaikamua. "Nimekuja hapa na nguo safi, bibi."

"Tutakupa kitenge, mwanangu."

"Nieleze lile la koki," Afande akamwambia Arafa.

Arafa akaanza, lakini Hans akamdakia, na Meshack akamdakia Hans, na mama mmoja wa foleni akawashinda wote: "Afande, ile ya chini ni ya mgeni! Sisi hatuli ya mgeni! Na koki tukiikuta kavu asubuhi baada ya mgao, sisi ndio tutakaokuwa wa kwanza kujua kuna kasoro, kwa sababu ndoo zetu ziko pale kila asubuhi!"

Afande Arnold akamtazama Arafa. "Nimekagua majengo mengi yenye matangi mazuri," akasema. "Mengi hakuna anayeyatazama mpaka siku ya moto. Lako lina walinzi wenye ndoo." Akamgeukia Bibi Susana. "Bibi yangu, sakafu ibaki. Wasichana waje."

Bibi aliingia ndani. Wakazisikia kandambili zake zikipanda ngazi, kisha zikaachwa, kisha nyayo peku zikitembea taratibu kule juu, kutoka ukuta hadi ukuta.

Aliposhuka, macho yalikuwa mekundu kidogo na mdomo unacheka. Akamletea Afande kitenge cha maua ya zambarau, naye akakivaa kiunoni bila ubishi, sare ikaanikwa kwenye mibuni. Chai ikaja, na ndizi, na karanga. Hans aliulizwa kama ana haraka na maji, akasema hana. "Mgeni ameshakula yake leo," akasema. "Tangi lijae mpaka mstari kwanza, ndipo iwe zamu yetu."

Arafa alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa amechoka uchovu mtamu, ule wa mtu aliyebeba mzigo mpaka mlangoni akautua mzima. Akamtazama bibi kwa jicho la pembeni.

"Kitendawili, Bibi."

Bibi Susana akaweka kikombe chini, akakaa sawa. "Tega."

"Kila siku namtengea mgeni sehemu yake, na kila siku naomba asije."

Meshack akafungua mdomo. Upawa ukainuka kidogo, akaufunga.

Bibi akatazama mlima. Akatazama ghala. Akahesabu kwa vidole kama anayetafuta sana, na kila mtu pale, hata Afande na kitenge chake, alijua kwamba jibu liko ulimini mwake.

"Mwanangu," akasema, "nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakurudishia Tanga yako. Na Maji ya Chai nakuongezea. Uende, ukae, ukichoka urudi hapa." Akachukua birika. "Haya, lete kikombe. Chai yako ya leo umeitolea jibu."